UZI: Kufufua Land Rover ya zamani: bodi ni kazi nyepesi, shughuli ipo kwenye injini na wenye vipuri

FundiChesisi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda anatokea mtu na swali lilelile: kwa nini Land Rover ile ya boksi isirudishwe kiwandani? Kalibu si zipo, michoro si ipo, wateja si wanalia? Nimejibu vipande vipande kwenye nyuzi za wengine hadi nimeamua kukaa chini niandike yote mahali pamoja. Nina zaidi ya miaka 20 nafungua na kufunga magari haya, na natamani kwa moyo wote kuyaona yakitoka mapya tena. Someni mkijua hilo.

Tuanze na lilivyozaliwa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, bati la chuma lilikuwa la mgao, ila alumini ilipatikana kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Ndiyo maana bodi ikawa ya alumini. Ile kijani ya mwanzo nayo ilikuwa rangi ya ndege za kivita iliyobaki. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa anatumia Jeep ya jeshi kwenye shamba lake kisiwani Anglesey na alitaka gari la kuchukua nafasi yake. La majaribio la kwanza lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati. Rover walilihesabu kama gari la kupitishia kipindi kigumu tu. Likadumu karibu miaka 68.

Jina Defender lilikuja 1990. Kabla ya hapo tulikuwa na Series, kisha One Ten ya 1983 iliyoleta koili badala ya springi za majani, na Ninety mwaka uliofuata. La mwisho lilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, Defender 90 ya turubai, na hesabu yote tangu 1948 ikafungwa kwenye magari 2,016,933. Kwenye gari hilo la mwisho bado kulikuwa na vishikizo vya kufungia turubai vya muundo uleule wa 1948. Mimi kitu hicho hunigusa kuliko hesabu yenyewe.

Sasa kwa nini lilisimamishwa? Wengi wanasema kampuni ilitaka kuuza magari ya kifahari tu. Sikatai kwamba faida ilikuwa huko. Lakini mtu aliyelifuatilia gari hili kwa karibu aliona sheria zikilibana polepole, na alama za kubanwa huko unaweza kuzishika kwa mkono. Chukua Defender ya 2007. Boneti ina nundu. Ile nundu si urembo: waliweka injini ya Ford ya lita 2.4 ili wapite kipimo cha moshi, na injini hiyo ni ndefu kwenda juu kuliko Td5 iliyotangulia, ikabidi boneti ipandishwe. Fungua mlango wa nyuma wa gari la mwaka huohuo: mabenchi ya pembeni, yale ambayo abiria walikuwa wanakaa wakitazamana, hayapo. Sheria ya Ulaya iliyakataza, vikawekwa viti viwili vinavyotazama mbele. Mwaka 2012 injini ikabadilishwa tena, lita 2.2 yenye kichujio cha masizi, kwa sababu kipimo cha moshi kilikuwa kimepanda tena. Kipimo kilichofuata kingetaka injini nyingine na mfumo mwingine wa kusafisha moshi, ndani ya pua iliyochorwa kabla mambo hayo hayajafikiriwa. Ukiongeza mifuko ya hewa na usalama wa mtembea kwa miguu anayegongwa, unakuta ili gari lipite lazima libadilishwe kuanzia ukuta wa injini, ule unaotenga injini na abiria, kuja mbele. Na ukibadilisha ukuta wa injini, hilo ni gari jingine.

Halafu kuna mikono. Defender ilikuwa inaunganishwa kwa mikono kwa kiasi kikubwa. Mlango unapachikwa, fundi anautazama, anausogeza, anaubana. Ndiyo maana huwezi kukuta mbili zenye mianya inayolingana. Saa za kazi kwa kila gari ni nyingi, na magari yanayotoka kwa mwaka ni machache.

Hapo ndipo nataka kusema jambo langu. Watu wanapodai gari hili lifufuliwe, wanachokumbuka ni umbo. Mimi nakumbuka kitu kingine. Ukitaka kutoa giaboksi ya 109, ile Series ndefu, huhitaji kuingia shimoni. Unakaa ndani ya gari. Unatoa viti, unafungua bati za sakafu moja moja, zile boliti zilizoshika kutu unazitia mafuta na kuzigonga kidogo kwa nyundo, unanyanyua sanduku lililoko chini ya viti, na giaboksi yote inakuwa wazi mbele ya magoti yako, huku ukiiona ardhi pembeni yake. Unaifunga mnyororo, unaining'iniza, inatokea mlangoni. Aliyechora gari lile alikuwa anamfikiria mtu atakayelitengeneza akiwa peke yake, mbali na karakana yoyote. Madigadi ikigongwa, unafungua boliti, unaitoa, unaleta nyingine. Hakuna kukata wala kuchomelea.

Hicho ndicho cha kufufua: mtu mmoja mwenye spana awe na uwezo wa kufika kila mahali. Umbo likirudi bila hicho, tumerudishiwa picha.

Na kikwazo kikubwa cha kurudisha hicho sicho wengi wanachodhani. Mwenye nembo ya kwenye boneti hutengeneza sehemu ndogo tu ya gari. Vioo, taa, pampu, raba za milango, waya, mabomba, vyote vinatoka kwa watu wengine. Oda ikisimama, mtengeneza raba anaondoa kalibu yako kwenye mashine na kufunga ya mteja mwingine. Kalibu inawekwa stoo. Baada ya miaka, fundi aliyekuwa anajua kwamba kona ile lazima ikae kwenye joto kidogo zaidi amestaafu. Ukirudi na oda ndogo anakwambia hawashi mashine kwa idadi hiyo. Sasa zidisha hayo kwa kila kipande cha gari. Kalibu za bodi unaweza kuzikuta zipo zote na bado ukakosa mtu wa kukutengenezea swichi ya taa.

Nakaribisha michango. Nitaendelea na habari za aliyejaribu kuzinunua kalibu.

TurubaiJuu

Shikamoo fundi. Uzi umekaa vizuri. Umenifungua macho kwenye nundu ya boneti, miaka yote nilidhani ni ya kupitisha hewa. Hebu maliza hiyo ya kununua kalibu, si ni yule tajiri wa kemikali?

FundiChesisi

Marahaba mkuu. Ndiye huyo, Jim Ratcliffe wa Ineos. Alipoona Defender inafungwa aliwaendea Jaguar Land Rover kutaka kuendeleza uzalishaji. Wakakataa. Akaamua kujenga la kwake kutoka mwanzo, na jina Grenadier akalitoa kwenye baa ya London ambamo wazo hilo lilizungumzwa.

Jaguar Land Rover nao wakaenda kusajili umbo la gari la zamani kama alama yao ya biashara, ili mtu mwingine asilitumie. Ofisi ya miliki bunifu ya Uingereza ikawakatalia 2019, wakakata rufaa, na Agosti 2020 Mahakama Kuu ikawakatalia tena. Hoja ilikuwa kwamba tofauti za umbo lile, ambazo kwa wataalamu ni kubwa, kwa mnunuzi wa kawaida hazitoshi kumtambulisha mwenye gari. Mimi nikisimama mita 300 nalijua gari lile kwa kona ya paa lake tu, lakini sheria inampima mnunuzi wa kawaida.

Kwa hiyo tajiri akabaki huru na umbo. Uone sasa ilivyomgharimu kupata vilivyobaki. Uhandisi aliwapa Magna Steyr wa Austria. Injini akachukua za BMW, lita 3.0, silinda sita mstari mmoja, petroli na dizeli. Giaboksi ZF ya gia nane. Ekseli akazichukua kwa Carraro wa Italia, watu wa ekseli za matrekta. Kiwanda alitangaza 2019 kwamba kingejengwa Bridgend, Wales. Mwishowe akanunua kiwanda ambacho tayari kilikuwepo, cha Mercedes-Benz huko Hambach, Ufaransa. Uzalishaji ukaanza Oktoba 2022, zaidi ya miaka sita tangu Solihull wafunge. Huyo ni mtu mwenye fedha za kutosha.

Na Septemba 2024 kiwanda hicho kikasimama hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata kwa sababu msambazaji mmoja alipata matatizo ya fedha. Injini zipo, ekseli zipo, wafanyakazi wapo. Kipande cha mtu mmoja kikikosekana, gari halitoki mlangoni. Ndicho nilichokuwa nasema kuhusu raba na swichi.

BintiWaDizeli

Fundi, naomba kupingana nawe kidogo. Umesema kikirudi umbo bila wepesi wa kutengeneza, tumerudishiwa picha. Grenadier ina chesisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, koili, giaboksi ndogo ya kweli yenye mkono wake. Si hicho ndicho ulichotaka? Unataka nini zaidi?

FundiChesisi

Dada, swali lako ni zuri na nalijibu kwa uzito wake. Chini ya sakafu uko sahihi kabisa. Nimelala chini ya Grenadier nikaitazama: viungo vinafikika, ekseli ni za kazi, hakuna kilichofichwa kwa ajili ya uzuri. Waliochora chini pale wanajua gari hutumikaje. Nawaheshimu.

Tofauti inaanzia kwenye injini. Ile BMW ni injini nzuri sana, lakini inaongea kwa kompyuta, na kompyuta inataka kifaa cha kuisomea. Katika 300Tdi, dizeli ya Land Rover ya miaka ya 1990, kitu cha umeme kinachofanya injini iendelee kuwaka ni solenoidi ya kufungulia dizeli kwenye pampu, waya mmoja tu. Ukiipelekea umeme wa betri, injini inaendelea. Mtu aliyelizoea gari la namna hiyo, ukimwambia lile jipya limesimama kwa sababu kihisi cha moshi kimekataa, hawezi kukuelewa, na hana kosa.

Ila kosa si la Ineos. Hakuna anayeruhusiwa leo kuuza injini kama 300Tdi kwenye gari jipya la barabarani Ulaya. Ndiyo maana nikasema anayetaka kufufua aanze na injini. Aulize: injini gani inapita kipimo cha leo, nani atakubali kuniuzia, kwa miaka mingapi, na ikibadilika nitaweza kuingiza nyingine bila kuchora gari upya? Akishapata majibu ndipo achore boneti. Wengi wanaanza na boneti.

KonaYaPaa

Vipi kuhusu Defender mpya ya kampuni yenyewe? Hiyo si kufufua?

FundiChesisi

Ilioneshwa Frankfurt Septemba 2019, inatengenezwa Nitra, Slovakia. Haina chesisi ya kujitegemea, bodi na fremu ni kitu kimoja cha alumini, na magurudumu yote yanajitegemea. Linapita mahali pagumu na barabarani linatulia kuliko la zamani kwa mbali. Kilichofufuliwa ni jina. Sina zaidi ya hapo.

Kampuni hiyohiyo 2018, kwa ajili ya miaka 70, ilitoa Defender Works V8, magari 150 yenye injini ya lita 5.0. Watu wakashangilia kwamba limerudi. Walichofanya ni kuchukua magari yaliyokwishatengenezwa kati ya 2012 na 2016 na kuyajenga upya. Tafakarini hapo wakuu. Mwenye jina, mwenye michoro, alipotaka kuuza Defender ya zamani tena alianzia kwenye gari ambalo tayari lilikuwa na usajili.

MileageKubwa

Mimi ni mtu wa Toyota, mnivumilie. Land Cruiser 70 ilianza 1984. Japani waliacha kuiuza 2004, ikarudi 2014 kwa muda mfupi kusherehekea miaka 30, ikaondoka, ikarudi tena mwishoni mwa 2023 na dizeli ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki. Mara mbili imefufuka! Kwa hiyo inawezekana, ni nia tu.

FundiChesisi

Karibu sana ndugu, na mfano wako ni bora kuliko wa kwangu wote. Lakini angalia imewezekanaje. Kilichosimama Japani ni kuuza. Kutengeneza hakukusimama hata siku moja, kwa sababu Australia, Afrika na Mashariki ya Kati waliendelea kulinunua miaka yote hiyo. Mtengeneza raba wa 70 hajawahi kuondoa kalibu kwenye mashine. Kwa hiyo Toyota walipotaka kulirudisha nyumbani walikuwa na kazi mbili: injini inayopita kipimo, na vifaa vya usalama. Injini nayo hawakuibuni upya, waliitoa kwenye Hilux na Prado.

Mercedes wa G nao ni hivyohivyo tangu 1979, na Lada Niva tangu 1977. Yamebadilishwa njiani, hayajawahi kuzimwa. Gari lililozimwa kabisa likawashwa tena likiwa lilelile, mimi kwa miaka yote hii sijaliona. Ford Bronco ilizimwa 1996, iliyorudi na mwaka wa modeli 2021 haina boliti hata moja ya ile ya zamani.

SpanaKumi

Mkuu, mimi naona mnazunguka. Suluhisho ni rahisi: tengeneza gari la shambani tu. Lisiingie barabara kuu. Hakuna mifuko ya hewa, hakuna kipimo cha moshi cha barabarani. Mkulima anachotaka ni kubeba na kuvuta.

FundiChesisi

Wapo waliofikiri hivyo, na walifika mbali. Mahindra wa India waliunganisha Jeep kwa leseni tangu miaka ya 1940, hawakuacha. Mwaka 2018 wakaipeleka Marekani wakiiita Roxor, dizeli ya lita 2.5, chesisi ya chuma, ikiuzwa kama chombo cha nje ya barabara. Kwa mtu kama mimi ilikuwa furaha kuiona. Fiat Chrysler, wenye Jeep wakati huo, wakashtaki kwamba sura imefanana na ya Jeep. 2020 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikawapa haki Fiat Chrysler, Mahindra wakachora uso upya, na ule muundo mpya ndio ukaruhusiwa.

Linganisha na kesi ya Land Rover niliyoandika juu. Uingereza mahakama ilisema umbo halitoshi kuwa alama. Marekani sura ikazuiwa. Kwa hiyo hata njia yako ya shambani ina wakili langoni, na jibu analokupa linategemea nchi. Lakini sikatai wazo lako. Kati ya njia zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo inayohifadhi injini rahisi. Shida yake ni kwamba gari lisiloruhusiwa barabarani haliwezi kwenda kununuliwa diski ya klachi. Linabebwa.

TurubaiJuu

Nimesikia Marekani kuna sheria ya magari ya kuigiza, unaruhusiwa kutengeneza machache bila masharti yote. Ni kweli?

FundiChesisi

Ni kweli. Sheria ilipita 2015, kanuni zake zikachukua miaka kadhaa kukamilika. Mtengenezaji mdogo anaruhusiwa kuuza hadi magari 325 kwa mwaka yanayofanana na gari lililotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita, bila kutimiza viwango vya usalama vya gari jipya zima. Masharti mawili muhimu: uwe na ruhusa ya mwenye haki za umbo na jina, na injini ipite kipimo cha moshi cha sasa. Umeona? Tumerudi kwenye injini, na kwa mwenye nembo.

Ulaya nao wana njia ya uzalishaji mdogo, gari za abiria 1,500 kwa mwaka kwa kila aina, zenye masharti yaliyolegezwa. Kwa mtu mwenye mtaji wa kati na uvumilivu, hizi ndizo njia za kuchunguza.

ZeituniNyeusi

Mbona hakuna aliyewataja Wahispania? Babu yangu alikuwa na Santana na aliapa kwamba ni ngumu kuliko za Solihull.

FundiChesisi

Babu yako alikuwa na hoja, na asante kwa kuwakumbuka. Santana wa Linares, Hispania, walianza kutengeneza Land Rover kwa leseni mwishoni mwa miaka ya 1950. Leseni ilipoisha hawakuacha kujua kazi. Baadaye wakatoa gari lao lililotokana na ile ile, na 2007 wakaingia na Iveco, watengeneza malori wa Italia, wakatoa Massif: chesisi ya ngazi, springi za majani, injini ya Iveco ya lita 3.0, bodi imechorwa upya na Giugiaro, mchoraji wa magari wa Italia. Ukilitazama unaiona Land Rover ndani yake. 2011 likasimama, na Santana wenyewe wakafungwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye uzi huu. Lilikuwa na injini inayopita kipimo cha wakati wake, kiwanda kilichoijua kazi kwa miaka 50, na mtandao wa karakana za malori. Kila ninachokidai mimi kilikuwepo. Likakosa wanunuzi wa kutosha. Sisi tunaolia mitandaoni kwamba tunataka gari la namna hiyo, wengi wetu hatukulinunua lilipokuwepo.

BintiWaDizeli

Umenigusa hapo kaka. Basi niulize: kama kulifufua gari zima ni mlima kiasi hiki, kwa nini tusigeuze? Tuyafufue yaliyopo kwa umeme. Kuna watu wanatoa injini, wanaweka mota na betri. Moshi hauna tena swali.

FundiChesisi

Nimeyaona, na kwa kazi ya mzunguko mfupi yanafaa sana. Mvuto wa mota kutoka chini kabisa unalifanya gari lipande taratibu bila kushika klachi, na fundi aliyelizoea anafurahi. Uzito wa betri na umbali ndivyo vinavyobana. Gari hili lina pua ya boksi, upepo linaupiga kifua, na kwenye mwendo wa barabara kuu umeme unakwisha haraka. Mwenye shamba anayerudi nyumbani kila jioni, namshauri alifikirie. Mwenye safari ya siku tatu porini, hapana.

Ila hoja yako ya kugeuza naichukua, na ndiyo njia ninayoiamini. Tusisubiri kiwanda. Gari hili linafufuka kipande kwa kipande, na kazi hiyo imeshaanza. Chesisi mpya zilizochovywa zinki zinapatikana kwa watengenezaji wadogo Uingereza. Milango inapatikana. Madigadi, sakafu, matangi, waya mzima wa gari. Hata wenzetu wa magari madogo walitangulia: ganda zima la MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, lilianza kutengenezwa tena 1988 kwa kalibu za zamani, na mtu mwenye gari lililooza akanunua ganda akahamishia vitu vyake. Usajili ukabaki wa gari lilelile pale sheria inaporuhusu, na sheria ya moshi ikalihesabu kwa umri wake.

KonaYaPaa

Fundi, tuseme mtu ana karakana, mashine ya kukunja bati na ya kuchomelea, na anataka kuingia kwenye kazi hii. Kesho asubuhi aanze na kipande gani?

FundiChesisi

Ukuta wa injini, ule unaotenga injini na abiria. Sina haja ya kufikiri.

Watu husema Land Rover haiozi kwa sababu ni alumini. Ngozi ni alumini. Ukuta huu ni chuma. Unaoza kwenye miguu, pale bati la kuwekea nyayo linapokutana na nguzo, na juu kwenye kona mbili chini ya kioo cha mbele. Na kila kitu kinaning'inia juu yake: bawaba za milango zinafungwa hapo, kioo kinakaa hapo, madigadi zinashika hapo, usukani na pedali vinapita hapo. Ukikosea milimita tatu kwenye nguzo moja, mlango haufungi na kioo kinavuja, hata kama vingine vyote ni vipya. Ni kazi ya mikono na kipimo, haihitaji mashini kubwa za kukandamizia, na mahitaji yake hayaishi kwa sababu kila gari lililobaki litaufikia wakati wake.

Kosa la anayeanza ni kuung'oa kwanza ndipo apime. Usifanye hivyo. Gari likiwa bado limesimama kwenye matairi yake, milango ikiwa imefungwa, funga fito za chuma kukatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo moja hadi nyingine, mbili kwa kila upande, moja juu na moja chini. Pima pembe kwa pembe, mshazari kwa mshazari, andika juu ya bati lenyewe kwa chaki. Kisha tengeneza fremu ya kupimia inayokaa kwenye matundu ya boliti za bawaba na ya kioo, kwa sababu matundu hayo ndiyo hayaruhusiwi kuhama. Ukishakuwa na fremu hiyo una kitu ambacho hakipatikani kwa urahisi, na ukuta wa pili utautengeneza kwa nusu ya muda wa wa kwanza.

Kama una gari la kupimia, nitumie picha za kona za juu na za miguu kabla hujagusa chochote, tuone kilichobaki kizima kiasi gani.